Daftari la Mahudhurio

Jumamosi, 11 Mei 2024. Tanga

Katibu wangu amekuwa sanamu. Kila sura anayotokea anakuja na daftari, anahesabu waliokosa sala, anakunja uso, anaondoka. Nimezisoma upya sura za mwanzo usiku huu na sikuona hata mahali pamoja anapopiga chafya, anapotafuta ndala gizani, au anapokumbuka wimbo wa utotoni. Msomaji atamchukia tangu ukurasa wa kwanza, na akishamchukia atajiona mwema. Riwaya itakuwa imefanya kazi ileile anayoifanya katibu: kupanga watu, huyu ndani, yule nje.

Ninachotaka kusimulia kipo wazi kichwani. Mwanamke wa makamo, katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki katika mtaa kama wetu, mcha Mungu kwelikweli, hakosi misa ya alfajiri. Mzee mmoja jirani anafariki. Hakuwa akija jumuiya wala kutoa michango, kwa hiyo katibu anakataa kuandika barua ya kumtambulisha parokiani. Mzee anazikwa na wanawe bila padri. Kuanzia hapo hadithi inamgeukia katibu mwenyewe. Najua anakotoka, na najua ninapotaka afike: awaone watu. Njia ya katikati ndiyo siioni.

Kuna mfano wa Farisayo na mtoza ushuru katika Injili ya Luka, sura ya 18. Ni mfupi sana, na una mtego ambao karibu kila msikilizaji hunasa. Tukishausikia tunamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba hatufanani na yule Farisayo, na papo hapo tunakuwa tumesimama pale aliposimama yeye, tukisali sala yake. Riwaya nyingi kuhusu watu wa dini hunasa hapohapo. Mchungaji mnafiki, shehe mla rushwa, mama wa maombi mwenye ulimi mkali: tumewaandika mara nyingi, tumewacheka, tukafunga kitabu tukijiona safi. Sitaki kumwongeza mwingine kwenye foleni hiyo.

Jumanne, 14 Mei

Nimemrudia Tolstoy. Hadithi ya Baba Sergius aliiandika kwa vipande kati ya 1890 na 1898 na hakuichapisha uhai wake. Ilitoka 1911, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Kasatsky ni ofisa kijana anayetaka kuwa wa kwanza katika kila jambo: masomo, Kifaransa, hata sataranji. Harusi ikiwa imekaribia anagundua kwamba mchumba wake alikuwa hawara wa Tsar Nicholas I, Tsar yuleyule anayemwabudu. Anaacha jeshi, anaingia utawani, anakuwa Baba Sergius. Hapo Tolstoy anaona jambo ambalo mwandishi mvivu angelipita: kiburi nacho kinavaa kanzu na kuingia monasterini pamoja na mwenyewe. Sasa Kasatsky anataka kuwa wa kwanza kwa unyenyekevu. Mwanamke tajiri anakuja usiku kwenye makazi yake ya upweke kumtega, kwa kuwa amewekeana dau na wenzake, na Sergius anajikata kidole cha mkono wa kushoto kwa shoka ili asianguke. Sifa zinaenea. Wagonjwa wanamiminika. Anaonja utamu wa kuitwa mtakatifu, kisha anaanguka na binti wa mfanyabiashara, msichana mgonjwa aliyeletwa kuombewa. Alfajiri anazikata nywele zake, anavaa nguo za mkulima, anatoroka.

Sehemu niliyoikalia usiku kucha ni ya Pashenka. Utotoni Kasatsky na wenzake walimfanyia mzaha msichana huyu: walimlaza sakafuni awaonyeshe anavyoogelea, akalala, akapigapiga mikono, wakacheka. Sasa ni bibi mzee. Mumewe aliitapanya mali yake na kumpiga, mwanawe wa kiume alikufa, naye anafundisha muziki nyumba kwa nyumba ili kumlisha binti yake, mkwe mwenye maradhi ya neva na wajukuu watano. Sergius anapofika na vumbi la safari, Pashenka yumo jikoni anakanda unga wa mkate wa zabibu. Anamdhania ombaomba. Anataka kumpa mkate na senti kidogo, anakuta hana sarafu ndogo kuliko kopeki kumi, anaona ni nyingi, anaamua mkate unatosha. Kisha anaona haya kwa uchoyo wake, na kama adhabu anajitoza vyote viwili, mkate na kopeki kumi.

Hadithi nzima imesimama juu ya haya ile. Mtu huyu hajioni mwema hata kidogo. Kanisani haendi miezi mingine, kwa kuwa matambara yake yanamtia aibu mbele ya binti yake, na pengine, anasema mwenyewe, ni uvivu tu. Katika daftari la katibu wangu Pashenka angekuwa na sifuri mstari mzima.

Nina ugomvi mmoja na Tolstoy. Sergius akishaondoka pale, anafanywa ajieleze waziwazi alichojifunza, nani aliishi kwa ajili ya nani. Ningemnyima maelezo hayo. Tolstoy wa uzeeni alikuwa mwalimu, na mwalimu huogopa darasa lisije likatoka bila kuelewa. Lakini anajirekebisha haraka. Njiani Mfaransa mmoja anampa kopeki ishirini, Sergius anazipokea kwa heshima na kumpa kipofu anayeomba pamoja naye. Mara ya mwisho anaonekana Siberia, anafanya kazi bustanini kwa mkulima mwenye uwezo, anafundisha watoto, anauguza wagonjwa. Tolstoy anaishia hapo bila muujiza na bila sauti kutoka mbinguni. Namheshimu sana kwa hilo.

Jumapili, 19 Mei. Pentekoste

Baada ya misa nilikwenda Makorora kwa shangazi. Amekuwa katibu wa jumuiya kwa miaka mingi, sasa amepumzika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, chai ipo."

Nilipomweleza ninachoandika aliinuka bila kusema, akavuta sanduku chini ya kitanda, akanipa kaunta buku lake la zamani. Jalada kalivika karatasi ya kalenda. Ndani kuna mistari ya wima ya wino mwekundu, majina ya kaya upande wa kushoto, Jumamosi za mwaka juu. Alama ya vema kwa aliyekuja, sifuri kwa aliyekosa, M kwa mgonjwa, S kwa aliye safarini. Hayo niliyatarajia. Nisichokitarajia ni maandishi madogo ya penseli pembezoni, mengine yamefifia mpaka nikageuzia karatasi dirishani: mtoto ana surua. Mume kaachishwa kazi. Asiulizwe mchango. Anaona haya, apelekewe mtu.

Nikamuuliza haya ni ya nini.

"Hayo si ya kusomwa mkutanoni."

Kisha akanigeukia kwa ukali ambao ninaujua tangu utoto. "Nyinyi waandishi mnatuandika kama askari wa mgambo. Unajua nani anachemsha chai ya msiba usiku kucha? Nani anakwenda kuazima masufuria na turubai, nani anayarudisha? Walewale, kila mara. Mtu hajatia mguu kwenye msiba wa mwenzake, siku yake ikifika wanawe wanakuja mbio, wanataka kwaya, wanataka padri, wanataka vijana wa kuchimba kaburi. Sasa hawa wanaochoka ndio wajinga?"

Sikumjibu. Si swali la kujibiwa haraka. Nilinywa chai yangu naye akaendelea kunihesabia misiba, mmoja baada ya mwingine, nani alilala wapi, nani alitoa unga, mvua ilinyesha lini. Anakumbuka kila kitu.

Nimerudi nyumbani na kitu ambacho nisingekipata kitabuni. Daftari lilizaliwa na uchovu. Watu wachache walibeba mzigo wa wengi na wakatafuta haki, na haki ikahitaji rekodi. Kiburi kilikuja baadaye, kikaukuta uchovu umekaa pale, kikakaa juu yake. Mpaka leo nilikuwa ninamwandika katibu wangu kuanzia kwenye kiburi. Nianze chini zaidi. Katika sura ya kwanza naye awe na penseli. Awe anaandika pembezoni kama shangazi. Halafu itokee siku anaacha. Siku ile, na sababu ya siku ile, ndiyo sura iliyokuwa inakosekana.

Alhamisi, 23 Mei

Flannery O'Connor, Mkatoliki wa Georgia huko Marekani, aliandika hadithi ya "Revelation" akiwa karibu na kufa kwa lupasi, ugonjwa uliomuua baba yake pia. Ilitoka 1964. Tarehe 3 Agosti mwaka huohuo alifariki, akiwa na miaka 39.

Bi Turpin ameketi katika chumba cha kungojea daktari na mumewe aliyepigwa teke na ng'ombe. Mwanamke mnene, mchangamfu, anayemshukuru Yesu kila saa kwa kumuumba alivyo. Anatazama viatu vya kila aliyeketi na kumpangia daraja. Usiku akikosa usingizi hujilaza kwa kuwapanga watu matabaka, wa chini, wa juu yao, wa juu zaidi, mpaka mpangilio unavurugika. Naye ana daftari, liko kichwani. Msichana mwanafunzi, Mary Grace, amekaa kimya akimwangalia kwa chuki, na mwishowe anamrushia kitabu kinachompiga juu ya jicho, anamvamia shingoni, kisha anamwambia kwa sauti ya chini tusi linalomwita ngiri na kumrudisha jehanamu.

Mwandishi mwingine angeishia hapo. Mwenye kiburi kapigwa, tumepumua. O'Connor ndipo anapoanza. Bi Turpin halipuuzi lile tusi. Analichukua kama ujumbe uliotumwa kwake kwa jina, analala nalo, kisha jioni anasimama kwenye banda la nguruwe akiwa na mpira wa maji mkononi na kumgombeza Mungu kwa sauti: nimekosa nini, mimi ninayefanya kazi, ninayelisaidia kanisa? Asiyeamini hawezi kugombana hivyo. O'Connor anaiheshimu imani ya mwanamke huyu hata anapoivunjavunja. Na yale maono ya mwisho, umati wa watu unaopanda kwenda mbinguni, wale aliowadharau wakiwa mbele wanarukaruka, na watu wa heshima kama yeye nyuma kabisa, wao peke yao ndio wanaoimba bila kupotea sauti, nyuso zimeduwaa kwa kuwa hata fadhila zao zinateketezwa. Nimelitazama jambo moja kwa makini: Bi Turpin yumo katika msafara. Ni wa mwisho, lakini yumo. Mwandishi hakumfungia mlango.

Hata hivyo kuna kitu kinaniuma kila ninapoisoma. Wafanyakazi Weusi waliochuma pamba siku ile wanapewa maji na Bi Turpin, wanasikia kisa chake, wanamsifu, wanamwambia ni mzuri, ni mtu wa Yesu. Naye anajua wanamrairai. Kisha wanapelekwa makwao na gari. Hatuwafuati. Hatusikii wanachosema wao kwa wao wakishashuka, nani miongoni mwao anaumwa mgongo, nani amefiwa. Katika maono wamo mbele, wamevaa meupe, lakini mbingu ni rahisi kumpa mtu kuliko kumpa ukurasa mmoja wa maisha yake. Huruma ya hadithi ile ina ukingo, na ukingo wenyewe ni rangi ya ngozi.

Nimejiuliza ukingo wa riwaya yangu uko wapi. Ni yule mzee anayezikwa bila padri. Nimemtumia kama tukio. Hana mazungumzo, hana kiti anachopenda. Lazima nimwandikie sura akiwa hai, ya kwake mwenyewe, bila katibu ndani.

Jumatatu, 27 Mei

Mzee amepata sura. Alikuwa fundi baiskeli. Anasikiliza mpira kwenye redio ndogo iliyofungwa kwa ukanda wa tyubu. Aliacha jumuiya baada ya kumzika mkewe, kwa kuwa kila wakisali Salamu Maria kwa pamoja ilimjia sauti yake. Hakumwambia mtu. Ndiyo sababu hakuna aliyeandika kwa penseli.

Jioni nilimchukua Shaaban Robert. Alizaliwa 1909 Vibambani, si mbali na hapa, na kwa sisi wa Tanga kumsoma ni kama kumtembelea babu. Nilitaka Adili na Nduguze, kitabu cha 1952. Shuleni tulifundishwa kwamba Adili ni mfano wa mtu mwema asiye na doa, nami kwa miaka mingi niliona ubora huo unachosha. Leo nimemsoma kwa swali langu la katibu na nimemkuta mtu mwingine.

Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anafika Janibu na kuona jambo la ajabu: liwali anakula meza moja na manyani wawili, anawahudumia kwa heshima, kisha usiku anawachapa kwa kiboko, na akishawachapa analia. Manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu. Jini Huria aliyemwokoa ndiye aliyewageuza, na ndiye aliyemwamuru awachape kila usiku. Adili ana haki zote upande wake. Alidhulumiwa kweli, na adhabu imetoka juu, hakuibuni yeye. Angeweza kuchapa akiwa na dhamiri nyeupe, akatawadha, akasali, akalala. Yeye analia, na mezani anawakalisha ubavuni pake.

Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa kinachofanana sana na hiki, cha Abdallah bin Fadhil na nduguze waliogeuzwa mbwa. Kule ndugu wakisharudishiwa utu wao na kusamehewa wanaurudia uovu, na Abdallah anauawa. Shaaban Robert hakufuata njia hiyo. Kwake Rai anaingilia kati, laana inaondolewa, ndugu wanarudi kuwa watu na kisa kinaishia kwenye upatanisho. Wapo wanaouona mwisho huo kuwa mwepesi. Mimi naona aliamua kwa makusudi, akijua kisa kingeweza kuishia kwingine, kwamba msamaha wa Adili usigeuke mtego wa kumwua. Ni uamuzi wa mtu aliyeyatazama maovu na bado akamwachia binadamu nafasi ya kugeuka.

Ila kitu ninachokichukua kwake ni ile meza. Mwenye haki na mwenye hatia wanakula meza moja kabla ya mfalme yeyote kuamua lolote.

Ijumaa, 31 Mei

Nimeshinda asubuhi nzima kwa jirani anayemuuguza mumewe. Kiharusi kimempooza upande wa kulia tangu mwaka jana. Nilimwomba nitazame anavyomhudumia kwa kuwa katibu wangu atafikwa na hilohilo, na sitaki kuandika uuguzaji wa kubuni.

Chini ya mgonjwa kuna shuka lililokunjwa mara mbili, kuanzia mabega mpaka mapajani. Hilo halitolewi ila kwa kufuliwa. Kwanza anamwambia, "Baba, nakugeuza sasa," hata kama hajibu. Anauweka mkono uliokufa ganzi kifuani ili asiulalie. Anakunja goti la mbali. Anashika bega na nyonga, anamvuta kuelekea kwake kwa mpigo mmoja, polepole, kisha mto mgongoni, mto kati ya magoti, na kisigino kisiguse godoro. Halafu anakagua: nyonga, visigino, mwisho wa uti wa mgongo. Ngozi ikiwa nyeusi kuliko kawaida na ya moto ukiigusa, kidonda kinakuja. Kila saa mbili, mchana na usiku. Akitaka kumsogeza juu kitandani hawezi peke yake, inatakiwa mikono miwili mingine upande wa pili wa shuka.

"Watu wamekuja wengi, nashukuru," aliniambia huku akipangusa jasho. "Wanasimama pale miguuni, wanasali vizuri, wanalia. Mtu wa kushika shuka ndiye simpati."

Niliushika upande wa pili. Ni mzito kuliko nilivyofikiri, na uzito wenyewe hautulii, unakutoroka mikononi. Tulipomaliza alinionyesha nilivyokosea kushika: nilikunja vidole juu ya shuka, inatakiwa uviringishe shuka mpaka karibu kabisa na mwili ndipo ukamate.

Nimeandika kurasa nyingi mchana huu. Mume wa katibu amepooza. Jumuiya inakuja na rozari, inasali, inaondoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kusali vile, kwa utaratibu, kwa muda uliopangwa. Na atakayekuja kushika upande wa pili wa shuka ni mwanamke mwenye sifuri nyingi kuliko wote katika daftari lake.

Jumatano, 5 Juni

Mwanamke huyo anauza vitumbua. Jumuiya inakutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na saa hiyo ndiyo chuma chake kiko motoni. Wanafunzi, wapagazi, madereva wa bodaboda wote wananunua kabla ya saa moja. Sifuri zake zote zina harufu ya mafuta ya kukaangia. Alimuuguza mama yake mpaka mwisho, kwa hiyo shuka analijua.

Nilimwandika kwanza mpole, mwenye tabasamu, mwenye kusamehe. Nimemfuta. Hakuwa mtu, alikuwa zawadi niliyomfungia katibu. Nilijaribu pia kumpa ukuta wa jikoni ulioandikwa madeni ya watu kwa mkaa, halafu siku moja anaufuta wote. Nimeutoa pia, kwa kuwa ulikaa sawa mno na daftari na msomaji angeniona nikipanga vyombo. Huyu wa sasa ana maneno makali. Kitumbua kilichoungua anakuuzia kwa bei ileile. Alimpenda yule mzee fundi baiskeli kwa kuwa alimzibia pancha bure, na anamwambia katibu usoni: ulimfanyia mzee yule jambo baya. Kisha anaviringisha shuka na kumwambia, haya, vuta. Hampendi katibu. Anakuja kwa kuwa amemwona mgonjwa amelalia upande mmoja na hawezi kupita.

Pashenka wa Tolstoy angalau anamheshimu Sergius. Wangu hana heshima hiyo, na ninafurahi. Katibu atalazimika kupokea wema kutoka kwa mtu asiyemsifu.

Usiku nimeisoma tena ile sura ya gerezani katika The Power and the Glory ya Graham Greene. Alikwenda Mexico 1938, akapita Tabasco ambako serikali ya jimbo ilikuwa imewawinda mapadri, na riwaya ikatoka 1940. Padri asiye na jina, mlevi, mwenye mtoto, anakamatwa kwa kukutwa na pombe. Anatupwa katika chumba chenye giza kilichojaa watu. Ndani yumo mwanamke mcha Mungu aliyefungwa kwa kuwa na vitabu vya dini nyumbani. Gizani wapo wawili wanaofanya mapenzi, na mwanamke yule anataka padri awakemee. Kila anayeikumbuka sura hii hukumbuka jinsi padri anavyowahurumia wawili wale. Kuna jambo gumu zaidi ambalo nililipita zamani. Wezi na wauaji wa chumba kile anawapenda bila taabu. Anayemshinda ni huyu mwema, anayeridhika na wema wake. Uso wake hauoni, kwa hiyo anakumbuka nyuso za wanawake wa parokia za zamani zinazofaa sauti ile, mikunjo ya macho, umbo la mdomo, mpaka anaanza kumwonea huruma huyo pia.

Ofisi moja ya Vatikani ilikinung'unikia kitabu hicho miaka ya 1950 na kutaka kibadilishwe. Greene hakukibadilisha. Hata Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya 1971, ilizuiwa mashuleni kwa muda kabla ya kuja kufundishwa. Walinzi wa usafi waliziona dhambi zilizoandikwa mle na hawakuona aliyeziandika alikuwa anamlilia nani.

Jumapili, 9 Juni

Sura ya katibu na daftari imekamilika leo, na haikwenda nilivyotarajia.

Kwa siku hizi zote nilikuwa nikizikataa njia za mkato. Katibu asichome daftari. Asilie mbele ya watu na kutubu. Asiende kaburini kwa mzee na maua. Nilitaka kumrudishia penseli yake, nikaacha hilo pia, msomaji atakuwa anaingoja. Nilichompa ni hoja. Jumamosi katika mkutano, baada ya sala, anasimama na kuomba jumuiya ihamie Jumapili jioni. Anataja sababu: wapo wanaofanya kazi asubuhi ile. Hamtaji muuza vitumbua. Anataja wapagazi wa sokoni, mlinzi anayetoka zamu, mama mwenye watoto wa shule. Anayo majina yote, yamo daftarini, kila sifuri anajua ilikuwa wapi saa ile, kwa kuwa sasa amekwenda kuuliza nyumba kwa nyumba. Katika maisha yake yote hajawahi kulitumia daftari kwa kazi ngumu namna hiyo. Na ni yuleyule, mkali, mwenye utaratibu, anayekatiza watu wakipiga soga. Sikumbadilisha tabia. Nilifurahi kuona haikuhitajika.

Hoja inaanguka. Mwenyekiti anaipinga kwa upole na wengi wanamfuata. Katibu anaketi, anaandika matokeo, anaendelea na ajenda ya mchango wa msiba ujao. Akirudi nyumbani anamkuta muuza vitumbua amemgeuza mgonjwa peke yake na amekasirika kwa kucheleweshwa.

Nilipoisoma kwa sauti nilimsikia mwenyekiti. Nimempa sentensi chache tu na zote ni za kumfanya aonekane mkaidi. Ni yeye sasa aliye kwenye foleni ya wale tunaowacheka. Kwa nini mzee mwenye sauti ya upole kiasi kile anaogopa Jumapili jioni? Nani anamchemshia maji ya kuoga? Alichaguliwa lini, na alipochaguliwa nani alikuwa hai ambaye leo hayupo? Nimefungua ukurasa mpya na kuandika jina lake juu. Kesho jioni nitakwenda kwa shangazi. Atakuwa anamjua mtu wa namna hiyo, na atanigombeza kwanza kabla hajanisimulia.